Faharasa Iliyogandishwa

Jumatatu, 11 Machi

Mvua za kwanza zimetukuta njiani tukitoka shule. Nilifika kwa mjomba nimelowa hadi soksi. Badala ya kunipa pole alinirushia taulo akasema, "Kausha mikono kwanza. Kichwa kitakauka chenyewe, lakini karatasi hazisamehe."

Mjomba wangu, kaka yake mama, hupanga vitabu. Watu humletea maandishi, naye kwenye kompyuta huyagawa kurasa, huchagua herufi, huweka picha na namba, kisha mchapaji wa chumba cha nyuma huyachapa. Tangu leo, kila nikitoka shule na Jumamosi kutwa, nitamsaidia kwa kitabu kimoja: mwongozo wa dawa kwa zahanati ndogo zilizo mbali na hospitali. Mwandishi ni daktari mstaafu. Kazi yangu ni faharasa, yaani zile kurasa za mwisho ambamo mtu hutafuta neno na kuambiwa liko ukurasa gani.

"Muuguzi aliye peke yake hana nafasi ya kusoma kitabu kuanzia mwanzo," mjomba alisema. "Mgonjwa yuko mbele yake anatetemeka. Anafungua nyuma. Sisi ndio tunaomjibu kabla ya Daktari."

Nimeyaandika hapa nisiyasahau.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Jaribio la kemia limeahirishwa kwa sababu paa la maabara linavujia kwenye chupa za tindikali.

Alhamisi, 14 Machi

Leo nimeona ajabu. Nilikuwa nimeandika orodha ya maneno, kila neno na mstari wake: majina ya magonjwa, majina ya dawa, homa, jeraha, sumu. Mjomba akaipa programu ya kupanga vitabu ile orodha yangu, akabonyeza kitufe kimoja. Programu ikapita kitabu kizima, ikatafuta kila neno, ikaandika namba za kurasa na kupanga yote kwa alfabeti. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Halafu tukasoma. "Maji" lilikuwa na mistari saba ya namba tupu. "Sumu" lilitupeleka hata kule Daktari anakosema kwamba hasira ni sumu ya kazi. Na kwa kuwa niliandika "mtoto" peke yake, "watoto" wote walikuwa wamesahaulika. Mjomba alicheka mpaka akavua miwani.

"Mashine inajua neno liko wapi," alisema. "Limekwenda kufanya nini pale, hilo uliulize wewe. Sasa ndiyo kazi inaanza."

Jumamosi, 16 Machi

Dada amerudi nyumbani. Amemaliza masomo ya uuguzi na amepangiwa zahanati ng'ambo ya mto. Atakuwa peke yake, na msaidizi mmoja anayefika mara chache kwa wiki. Kitabu chetu kikitoka, ataondoka nacho.

"Nikikwama nitakupigia wewe, mdogo wangu," alinitania.

"Usinipigie. Fungua nyuma ya kitabu."

"Ala! Nyumba hii siku hizi ina profesa."

Mama hakucheka. Alikuwa anakunja sare mpya ya dada, akaikunjua, akaikunja tena. "Ule mto ukijaa hawapitishi mtu darajani," alisema. "Hata mimba yako niliibeba mwaka wa mvua kama hizi." Sikujua kama alikuwa anasema na dada au na sare.

Jumatano, 20 Machi

Tunasafisha faharasa. Mimi nasoma namba, mjomba anafungua ukurasa, tunaamua: ibaki au itoke. Neno "homa" peke yake limechukua siku mbili. Anaweza kutazama ukurasa kwa mbali akasema, "Mstari wa nne una nafasi pana," na kweli ipo. Nadhani hakuna asichokijua katika kazi hii. Nikimaliza shule nataka kuwa kama yeye, ila niwe na meza yangu mwenyewe.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua. Umeme umekatika mara tatu. Tumefika herufi M.

Jumamosi, 23 Machi

Tumemaliza! Faharasa ni safi, kurasa nne, kila namba tumeipitia kwa macho yetu.

Mjomba akanifundisha jambo moja ambalo anasema shule hazifundishi. Kile kitufe cha kwanza ukikibonyeza tena, programu hufuta kila kitu na kuanza upya kutoka kwenye orodha. Takataka zote tulizozitoa hurudi kama magugu baada ya mvua. Kwa hiyo yeye huikata faharasa kutoka kwenye programu, ikawa maandishi ya kawaida ambayo mashine haiyagusi tena.

"Naigandisha," alisema. "Wengine wanaogopa. Mimi nimegandisha kumi na zaidi, hakuna iliyoyeyuka."

"Na kitabu kikibadilika, mjomba?"

"Hakibadiliki. Daktari amekwisha tia saini."

Kisha akafungua ukurasa wa nyuma ya jalada la ndani, pale panapoandikwa nani kapanga na nani kachapa, akaongeza mstari mdogo: Faharasa imetayarishwa na, na jina langu kamili. Nilikwenda uani nikasimama mvuani kidogo.

Jumanne, 26 Machi

Daktari amekuja mwenyewe na mwavuli uliovunjika. Ni mzee mpole, ananisalimia kama mtu mzima. Mchapaji na mjomba humwita Bado Kidogo, maana haji bila kusema hivyo.

"Bado kidogo tu, ndugu yangu," alianza kabla hajakaa. "Mfadhili anayelipia kitabu ameandika dibaji. Kurasa mbili. Ziwekwe mbele kabisa, kabla ya shukrani."

"Daktari, kitabu kimekwisha fungwa."

"Najua. Lakini mkono unaolisha hauumwi."

Alipoondoka, mjomba aliegemea kiti, mikono nyuma ya kichwa. Yeye huhesabu kurasa tangu ile ya kwanza kabisa, kwa hiyo dibaji inasukuma kitabu kizima kurasa mbili mbele. Kubonyeza kile kitufe maana yake ni kupoteza kazi ya wiki nzima. Mwisho akasema, "Rahisi. Kila namba ya faharasa tunaiongezea mbili." Nikamsomea, akabadilisha, moja moja, mpaka jioni. Tulijaribu chache. Zote zilikuwa sawa.

Jumatano, 27 Machi

Mjomba alikwenda kutafuta wino, nikabaki mimi na kompyuta. Mchapaji akaja mlangoni akijifuta mikono kwa tambara.

"Binti, kitabu chenu kimenenepa. Karatasi yangu moja kubwa inazaa kurasa kumi na sita. Hizi mbili za mfadhili nizizae wapi?"

Nilimpigia mjomba. Alikuwa barabarani, mvua inampigia kelele. "Toa zile picha za mizani, sura ya sita," alisema. "Karatasi moja, mbele na nyuma. Kila zahanati ina mizani yake, wanaijua. Unaweza?"

Niliweza. Nilizitoa, na kurasa zote za nyuma yake zikasogea zenyewe, namba zikajipanga, hata Yaliyomo ya mbele yakajirekebisha nikiyaangalia. Nilijisikia kama nahodha.

"Kimeingia kama kofia," mchapaji alisema. "Bado mdogo, lakini una mkono."

Mjomba alirudi amelowa, akauliza kama nimefanikiwa, nikasema ndiyo, akasema vizuri.

Alhamisi, 28 Machi

Ukuta wa jirani umeanguka. Hakuna aliyeumia. Mashine ya kuchapa imeanza.

Jumanne, 2 Aprili

Vitabu vimetoka. Vina jalada la kijani na vinanuka gundi. Nimelisoma jina langu mara nyingi kuliko inavyostahili. Daktari alishika nakala moja kama mtoto mchanga, na kwa mara ya kwanza hakusema bado kidogo.

Lori limepakia maboksi yote na kuondoka, litapita zahanati kwa zahanati kabla barabara hazijafa. Dada aliondoka na nakala yake kwenye mfuko wa plastiki, ameibana kwapani. Nilimsindikiza hadi darajani. Mto una rangi ya chai ya maziwa na unakwenda na matawi mazima, na sauti yake unaisikia kwenye miguu kabla ya masikio. Dada alivuka bila kugeuka. Nadhani angegeuka angerudi.

Ijumaa, 5 Aprili

Mama amenipima leo. Alikuwa anachambua mchele, akasema, "Haya, profesa. Nitafutie mtu aliyeungua kwa uji."

Faharasa ikasema ukurasa wa 97. Nikafungua 97. Ni jino kuuma.

"Umepata?"

"Bado, mama."

Majeraha ya moto yalikuwa ukurasa wa 95. Nilimsomea, akaridhika. Mimi nikafunga kitabu haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba akakuta asichopaswa kukiona.

Jumamosi, 6 Aprili

Nilimwambia mjomba. Nilizunguka sana kwanza. Nilifagia, nikapanga kalamu, nikauliza habari za mgongo wake.

Hakukasirika. Alichukua kitabu akafungua nyuma. "Homa, 14." Akafungua 14, homa. "Jeraha, 22." Sawa. "Nyoka, 41." Sawa. Akakiweka mezani taratibu. "Mpwa wangu, kazi hii sikuianza jana. Moja limeteleza. Kitabu kisicho na kosa hakijachapwa bado."

"Mimi nilichapa kimoja," mchapaji alisema kutoka nyuma. "Kilikuwa cha mistari mitupu."

Wote tulicheka. Nilicheka kuliko wao, kwa sababu nilitaka sana awe amesema kweli. Mtu mzima akikuambia mzigo ni mwepesi, unautua.

Jumapili, 7 Aprili

Sikuweza kuutua. Nimekaa kitandani tangu tutoke mezani mchana, kitabu magotini, nikijaribu kila neno.

Mpaka sura ya sita, hakuna kosa hata moja. Ndiyo maana majaribio ya mjomba yalikubali: yote yalikuwa ya mbele. Baada ya sura ya sita, kila namba, kila moja, imezidi kwa kurasa mbili. Nikakumbuka mizani. Dibaji ilisukuma kitabu kurasa mbili mbele, tukaongeza mbili. Siku ya pili nikatoa picha, na kitabu kikarudi kurasa mbili nyuma kuanzia pale. Yaliyomo yalijua. Namba za chini ya kurasa zilijua. Faharasa ilikuwa imegandishwa, haikujua, na mimi niliyebonyeza sikuikumbuka.

Nikaendelea. Nilijiambia muuguzi akikuta jino badala ya moto atajua amepotea, atafungua kurasa za jirani. Nilijiambia hivyo mpaka nikafika dawa ya homa kali, ile ya sindano. Faharasa inasema: watoto, kipimo, 120. Jedwali la watoto liko ukurasa wa 118. La watu wazima linaanza 119 na kuishia 120. Majedwali yote mawili yana umbo moja, safu zilezile, mistari ileile. Na tulipolipanga, kichwa cha jedwali tulikiweka kwenye ukurasa wa kwanza tu, ili pasijae. Anayefungua 120 haoni 119, maana iko upande wa pili wa karatasi ileile. Anaona safu za namba bila kichwa, mahali alipoambiwa atakuta watoto.

Namba za pale zitamtosha mtu mwenye ndevu.

Nimempigia dada mara nyingi. Hapatikani.

Jumatatu, 8 Aprili

Nilimwonyesha mjomba kwa kidole. 118. 119. Nikageuza karatasi. 120. Kisha faharasa.

Uso wake ulibadilika kama ukuta ulioingiwa maji. Nilingoja aseme tufanye nini. Aliuliza, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

Alimpigia Daktari, akaweka simu mezani ili wote tusikie. Alimweleza yote. Halafu sauti ileile ya upole: "Bado kidogo tu, ndugu yangu. Tusitaharuki. Uzinduzi ni mwisho wa mwezi, mfadhili anakuja na wageni. Baada ya hapo tunachapa karatasi ya masahihisho, wanaibandika ndani. Wauguzi ni watu waliosoma, watang'amua."

"Daktari, ni sindano," nilisema.

"Huyo ni nani?"

"Ni mpwa wangu," mjomba alisema. "Ndiye... anasaidia." Halafu, "Ndiyo, Daktari. Sawa, Daktari." Akakata.

Alikaa akitazama kompyuta ambayo haijawashwa. "Ukitangaza kosa lako mwenyewe mjini hapa," alisema, "hakuna atakayekuletea hata kadi ya harusi." Hakuwa ananiangalia. Wiki tatu zilizopita niliandika humu kwamba hakuna asichokijua. Sitaifuta sentensi ile, lakini leo nisingeiandika.

Jumanne, 9 Aprili

Daraja limefungwa. Dada hapatikani. Mwalimu ameniuliza mara mbili kama naumwa.

Jumatano, 10 Aprili

Dada amepiga mwenyewe! Alikuwa amepanda kilima cha nyuma ya zahanati ili apate mtandao. Nilisikia upepo, na mvua ikigonga mwavuli wake.

"Mdogo wangu," alisema bila salamu, "faharasa hii mmeitengeneza mkiwa macho?"

Nikaanza kulia. Akasema nyamaza, mtandao ni mfupi, akasimulia. Jana waliletewa mtoto wa miaka mitatu, homa kali, ameanza kukakamaa. Alifungua nyuma ya kitabu kama nilivyomwambia. Akaenda 120. Namba aliiona kubwa, lakini akajiambia kitabu ni kipya, Daktari anajua kuliko yeye, na yeye hana hata mwezi kazini. Akavuta dawa kwenye sindano. Mama wa mtoto akasema, "Nesi, samahani, mbona kaka yake mwaka jana alipewa kidogo tu, hapa chini?" na akaonyesha kwa ukucha kwenye bomba.

"Nilikasirika, nisikudanganye," dada alisema. "Nikageuza karatasi nimwonyeshe kwamba mimi ndiye niliyesoma. Nikakuta kichwa: Watu Wazima."

"Mtoto?"

"Amekula uji leo." Upepo ukala maneno yake, kisha nikamsikia tena. "Mimi nilikuwa na mama mbishi. Hao wengine wenye kitabu hiki, nani atawazuia?"

Simu ikakatika.

Alhamisi, 11 Aprili

Sikwenda shule. Sijawahi kufanya hivi. Nilitoka nyumbani na sare, mama akanifungia kitufe cha juu cha koti bila kuniuliza kwa nini nimepinda kushoto badala ya kulia.

Dukani kwa mjomba karatasi ya mzigo wa lori ilikuwa bado kwenye msumari, ina kila zahanati na simu ya mhusika. Nikaanza kupiga kwa simu ya duka. Wa kwanza alidhani nauza kitu. Nilikuwa namweleza wa pili, mjomba akaingia, mwavuli bado mkononi. Alisimama. Nilieleza mpaka mwisho, nikashukuru, nikakata. Akanyoosha mkono, akachukua simu kutoka kwangu.

Nilijua ataizima. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ambayo mtoto hamwambii mjomba wake.

"Dada yako alimpigia mama yako jana," alisema. "Mama yako alikuja kwangu asubuhi hii. Hakusema mengi. Alisema tu, kaka, ungekuwa wewe ndiye uliyeshika sindano." Alivuta kiti. "Soma namba inayofuata."

Akapiga. "Zahanati? Mimi ndiye niliyepanga kitabu cha kijani. Kina kosa, na kosa ni langu. Fungua ukurasa wa mia na ishirini." Alisema hivyo hivyo kila mara: kosa ni langu. Sikumsikia akinitaja, wala Daktari, ambaye alipiga mara mbili katikati akaachwa aite. Mchapaji alituletea chai na kusimama nasi, tambara begani. Tayari alikuwa ameanza kuchapa karatasi ya masahihisho bila kuambiwa na mtu.

Wengine walicheka. Muuguzi mmoja mzee alisema, "Baba, mimi hicho kitabu kinashikilia mguu wa meza, kipimo ninacho kichwani tangu hujaoa." Mwingine alichukua kalamu nyekundu tukiwa tunasikia, akaandika kwa sauti: hapana, hapana, hapana. Mmoja aliuliza ni tangu lini, akasema asante kwa sauti ndogo. Mjomba hakuthubutu kumuuliza kitu. Alikaa ameshika simu iliyokwisha kukatika.

Mchana wote mvua haikupumzika. Tumeweka alama kila jina isipokuwa moja, zahanati ya mwisho barabarani, mahali lori lilipogeuzia. Simu yao ilikuwa haipatikani, haipatikani. Sasa hivi imeita. Mjomba sauti imemkauka, akanipa mimi.

Ilipokewa na mwanamke anayehema. Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikasema naomba afungue ule mwongozo wa kijani, ukurasa wa mia na ishirini, jedwali la dawa ya homa.

"Mia na ishirini?" alisema. "Mbona hapa ndipo nilipo, mwanangu. Kiko wazi mezani."

Nikamwambia. Nilimwambia kwa sentensi moja, jinsi tulivyokubaliana.

Nilisikia simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu, kiti kikianguka, miguu ikikimbia, mlango.

Hatujakata. Mjomba ameishika simu kwa mikono miwili juu ya meza, katikati yetu, na mchapaji amezima mashine ili tusikie vizuri. Ninaandika haya kwa sababu mikono haina kazi nyingine. Upande wa pili hakuna sauti ya mtu. Mvua ya kule inanyesha juu ya bati, na tunaisikiliza, tukingoja mtu arudi kwenye simu.